Mshono Wangu Mmoja

Fundi wangu wa Majengo, hapa Dodoma, aliacha kunipima siku nyingi. Nikifika kibarazani kwake na kitambaa kipya, hata utepe wa kupimia hautoi shingoni. Anakipokea kitambaa, anakivuta kona mbili kuona kama kinapanuka, halafu ananiuliza swali ambalo jibu lake analijua.

"Lile lile?"

"Lile lile, baba."

"Hata kola?"

"Hata kola."

Ni mzee wa Kondoa, mtaratibu, haachi cherehani mpaka asikie adhana. Siku moja aliniambia, macho yakiwa kwenye sindano, "Binti, nimeshona sare za shule miaka mingi sana. Hata wale watoto walifika darasa la saba, wakamaliza, wakavaa nguo nyingine." Mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake akacheka. Nami nikacheka haraka, kwa sababu nimejifunza kwamba ukichelewa kucheka unapochekwa, kicheko chao hurefuka.

Gauni lenyewe si la kupigia picha. Linafika chini ya goti, lina kola ndogo, vifungo mpaka kiunoni, mikono inayoishia kwenye kiwiko, na mifuko miwili ya pembeni, mirefu, inayomeza mkono mpaka juu ya kifundo. La kwanza, la bluu iliyokolea, nililiokota chini ya rundo la mitumba pale Sabasaba nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo. Nilinunua bila kulijaribu, nikaenda nalo nyumbani nikijilaumu njia nzima.

Siku ya kutetea utafiti wangu mbele ya walimu, hiyo ndiyo nguo pekee iliyokuwa safi. Lazima nieleze kuhusu mikono yangu. Nikisimama mbele ya watu inatetemeka, si kidogo kwa namna ya kuvumilika, bali kama ya mtu anayepepeta nafaka. Nikiona inatetemeka nawaza kwamba na wao wanaona, na nikiwaza hivyo inazidi, na sauti nayo inaifuata. Siku ile niliitia mifukoni. Ikatetemekea humo, gizani, bila mtu kuiona, nami nikasema yote niliyokuwa nimeandaa. Walimu wawili waliniambia hongera. Nilirudi bwenini nikalifua gauni kwa mkono na kulianika kivulini lisipauke.

Baadaye nililipeleka kwa fundi alifuate hatua kwa hatua. Nikawa na la kijivu, la kahawia, la kijani kibichi na la damu ya mzee. Zote ni rangi za kuficha vumbi, maana Miyuji tunakoishi upepo ukianza mwezi wa saba haumwachi mtu. Kabla ya magauni hayo asubuhi zangu zilikuwa baraza la usuluhishi. Blauzi hii itasema najipendekeza. Sketi hii itasema sijali. Hii ya maua watasema nimetoka harusini, na wakishasema hivyo nitajibu nini? Gauni lilinyamazisha maneno yote hayo. Kwa wiki kadhaa niliishi kama watu wengine. Kisha likazuka swali jipya: je, wanajua kwamba haya ni magauni mengi, au wanadhani ni moja linalochuja? Nikaamua kila siku ya juma iwe na rangi yake, isivunjwe, ili asiwepo wa kudhani.

Mama mdogo, ninayeishi kwake, ni mwalimu wa shule ya msingi na hana subira na mambo haya. "Kamba yangu ya nguo!" alisema siku moja akianua. "Majirani wananiuliza kama nimepangisha watawa."

Ofisini nilikuwa najitolea. Lilikuwa shirika dogo lenye nyumba ya kupanga kando ya barabara ya kwenda Mtumba, na kazi yake ilikuwa kuwaelimisha wakulima kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vipeperushi. Nilijua kila kitu kuhusu ukungu ule, labda kwa sababu nao hufanya kazi yake kimyakimya, ndani, ambako huoni. Nafasi ya kuajiriwa ilikuwa moja: afisa wa kwenda vijijini kuzungumza na vikundi vya wanawake. Bosi wetu, mama mnene mpole mwenye kupenda kucheka, aliniita mwezi wa pili akaniambia waziwazi.

"Kuandika unaweza. Sijakuona ukisimama. Siku ya Wanawake tutakuwa na wageni hapa uani, na wewe utawapa somo la sumukuvu. Nikiridhika, mkataba ni wako. Nisiporidhika, mwanangu, itabidi nitangaze nafasi."

"Sawa, mama. Nashukuru."

Nilikuwa nimemaliza chuo muda wa kutosha kwa watu kuacha kuniuliza kuhusu kazi na kuanza kunionea huruma. Nilitoka ofisini kwake nikiwa na mawazo mawili tu, mkataba na gauni, na kwangu yalikuwa wazo moja. Nikiwa ndani ya gauni naweza kusimama.

Sasa nimtaje mhasibu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, hodari wa kazi na hodari zaidi wa mdomo. Akikuanza asubuhi hakuachi mpaka chai ya saa nne. Ndiye aliyegundua mpangilio wangu wa rangi, na tangu hapo hakunisalimia tena kama mtu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Jumanne. Umeamkaje?" Halafu kwa wenzake: "Jamani, kalenda ya ukutani tuitoe, inakula nafasi. Tunayo inayotembea."

"Mwache mtoto wa watu," dada wa mapokezi alisema, huku anacheka.

"Nimwache kwa lipi? Mimi namsifia. Siku ya harusi yake atavaa jeupe, mshono huuhuu. Mchungaji anauliza, unamkubali? Bibi harusi mikono mifukoni!"

Nilicheka nao. Jioni, nikitembea kwenda nyumbani, nilirudia kila neno nikilipima: alisema mtoto wa watu kwa huruma au kwa dharau? Neno namsifia lilikuwa na ukweli kiasi gani? Nilifikia uamuzi kwamba ananipenda. Mtu hapotezi maneno mengi hivyo kwa mtu asiyempenda. Kwa akili zangu zile lilikuwa hitimisho la kisayansi kabisa.

Wanaojua ofisi zetu wanajua mambo ya sare. Siku ya Wanawake ikikaribia, wanawake wa ofisi wanachagua kitambaa kimoja, na kila mmoja anashona mshono wake. Kitambaa ni cha umoja. Mshono ndio vita. Hapo ndipo utajua nani ana fundi wa maana na nani amekopi mtandaoni, na kuna watu hawasemeshani mpaka Pasaka kwa sababu ya bega lililofanana. Kwa hiyo mhasibu aliposimama kwenye kikao chetu cha chai na kusema mwaka huu tushone mshono mmoja, tena wa mdogo wetu huyu, mimi ningepaswa kushtuka. Hakuna mwanamke wa ofisi Dodoma anayekubali mshono wa mwenzake hata akilipiwa.

"Mshono wangu?"

"Wako. Si una mifuko? Tutaweka simu. Lete fundi wako atupime."

Nilitazama nyuso zao moja moja. Dada wa mapokezi alikuwa anaangalia kikombe chake. Nilijua anaona aibu kwamba hakuniunga mkono mapema. Kweli, nilijua hivyo.

Fundi alikuja Jumamosi na utepe wake na kitabu chake, akawapima wote sita sebuleni mwa ofisi. Lilikuwa jambo la ajabu, kuona mikono yake ikizungusha utepe kwenye viuno vya watu wengine kwa ajili ya gauni langu. Nilizunguka nikitoa maelekezo. Kola isizidi hapa. Mifuko iwe mirefu, dada, amini, usipunguze. Wakaanza kuniuliza maswali, kwa upole ambao sikuwahi kuuona.

"Hivi mdogo wangu, huko mifukoni huwa unashika nini?" aliuliza mhasibu, mikono ameinua apimwe.

"Sishiki kitu. Ni mikono tu, inatetemeka."

"Masikini. Kwa kutuogopa sisi?"

"Si nyie. Ni mawazo." Na kwa sababu chumba kilikuwa na joto la watu na kicheko kizuri, nikaendelea. Nikawaambia jinsi ninavyoshindwa hata na sahani ya chapati wakati wa chai: nikichukua mbili watasema nina njaa, nikichukua moja watasema naringa, nikiacha watasema naumwa, kwa hiyo huwa nasubiri zibaki vipande. Walicheka mpaka fundi akapoteza kipimo. Mhasibu alinishika bega. "Hebu rudia hapo kwenye kuringa," akasema, nikarudia.

Fundi alipokuwa anakusanya vitu vyake aliniangalia kama anayetaka kusema jambo, kisha akauliza tu kama la kwangu nalo litoke kwenye kitambaa hichohicho. Nikamwambia ndiyo, baba, ni sare.

Kitambaa kilikuwa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Sijawahi kuvaa njano. Juma zima kabla ya siku yenyewe niliogopa mambo yote yasiyotakiwa kuogopwa: kipaza sauti kitakoroma, mvua ya mwisho itanyesha, ndege mmoja mkubwa atakaa vibaya kifuani. Nilifanya mazoezi mbele ya mama mdogo, mbele ya kioo, mbele ya ukuta. Mikono mifukoni, sauti ikatoka imenyooka.

Siku ilifika. Uani palisimamishwa hema la kukodi, viti vya plastiki vikajaa wanawake wa vikundi vya mitaa ya jirani, viongozi wao mbele na bosi katikati yao. Mshereheshaji alikuwa mhasibu, nani mwingine. Nilimwona na gauni langu mwilini mwake na nikahisi, siwezi kuficha, furaha. Lilimkaa vizuri. Liliwakaa wote vizuri. Nilifikiri: hivi ndivyo inavyokuwa mtu kutokuwa peke yake.

Ratiba ilisema igizo, kisha somo la sumukuvu. Mhasibu akatangaza kwamba igizo linaitwa Mwajiriwa Mpya, akampa dada wa mapokezi kipaza sauti kingine, akaingia mwenyewe katikati. Aliingiza mikono mifukoni mpaka karibu na viwiko. Akapandisha mabega. Akazungumza na ardhi.

"Shikamooni. Samahani kwa kuwasalimia. Samahani kwa kuomba samahani."

Watu wakacheka papo hapo. Alikuwa na kipaji, hilo simnyimi. Alitembea kama ninavyotembea. Sikujua kwamba natembea hivyo, lakini nilitambua. Akafika kwenye sahani ya chapati waliyoiandaa, akaizunguka kama mtu anayezunguka nyoka. "Nikichukua mbili watasema nina njaa. Nikichukua moja watasema naringa..." Wale wanawake wa vikundi walikuwa wanapigana mabega. Bosi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha wengine wakatokea nyuma ya hema mmoja mmoja, mikono mifukoni, mabega juu, kila mmoja akitaja jina lake. Mimi ni Jumatatu. Mimi ni Jumanne. Samahani, mimi ni Jumatano. Wakajipanga mstari mmoja wa njano, wakainama pamoja.

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni, nimevaa kama wao.

"Na sasa," mhasibu alisema akihema kwa kicheko, "somo la sumukuvu litatolewa na Ijumaa! Mpigieni makofi!"

Nilisimama. Nilikuwa na nafasi ya kukimbilia chooni, na nimeifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Lakini kilichokuwa kichwani mwangu ni sauti ya bosi: sijakuona ukisimama. Nikachukua kipaza sauti kwa mkono mmoja na mwingine, kwa mazoea, ukaingia mfukoni.

Hema lililipuka.

Niliutoa haraka. Ukatetemeka mbele ya watu wote, na kile kipaza sauti kikatetemeka nao na kunigonga kwenye meno, na mlio wake ukasikika kwenye spika. Mwanamke mmoja mstari wa mbele akapiga goti lake. "Huyu ndiye kiboko yao!" alipiga kelele. Hapo nilielewa. Walidhani bado ni igizo. Walidhani mimi ni mwigizaji wa mwisho, aliyewekwa akiba kwa sababu ndiye bora.

"Ndugu zangu," nilisema, "karanga yenye ukungu ni sumu."

Wakacheka.

"Usiile. Usimpe kuku. Usisage ukachanganya kwenye uji wa mtoto."

"Usimpe kuku!" mtu alirudia kutoka nyuma kwa sauti yangu nyembamba, na wakacheka upya.

Nilieleza kukausha juu ya turubai na si juu ya udongo. Nilieleza kuchambua kwa mkono. Kila nilivyosema kwa uzito ndivyo walivyozidi kuumia mbavu, maana hapo palikuwa pazuri zaidi, palikuwa na ukweli kuliko kwa mhasibu. Nikafika sehemu ya ini. Nikasema mtoto anaweza kufa, na anakufa tumbo likiwa limejaa maji. Kicheko kilipungua upande mmoja, wachache wakatazamana, kisha mkono wangu uliotoka jasho ukakosa pa kwenda ukashika kola, na wakaanza tena. Nilimaliza. Sikuruka hata sentensi moja. Nikasema asanteni, samahani, na hilo neno la mwisho lilitoka lenyewe.

Walisimama kwa vigelegele. Mama mmoja akaja akicheza mpaka mbele, akanitunza: alikunja noti akaitumbukiza mfukoni mwangu. Mwingine akafuata, na mwingine. Nilisimama pale wanatia noti kwenye mifuko yangu kama kwa mwimbaji harusini, na wakati wote huo mikono yangu ilikuwa nje, inaning'inia, haina pa kukaa.

Jikoni mhasibu alinikumbatia. Alinuka jasho na manukato.

"Umetuzidi wote. Sikujua una mambo hayo! Hukukasirika, eti?"

"Hapana, dada."

"Nilijua. Niliwaambia hawa, yule si mtu wa kukasirika." Akachukua soda, akaenda zake.

Bosi alinikuta karibu na tangi la maji. Bado alikuwa na machozi ya kicheko kwenye mashavu. "Mwanangu, nilikuwa naogopa wewe ni mkavu. Kumbe! Unajua vijijini wanavyochoka na wataalamu? Watu wanataka mtu kama wewe. Umewashika mpaka mwisho."

"Mama, mimi sikuwa..."

"Hukuwa nini?"

Aliningoja. Alikuwa na uso mwema kabisa. Ningesema sikuwa naigiza, angefanyaje? Angeona aibu kwa kunicheka, na mtu hampendi anayemfanya aone aibu. Au asingeona aibu, angeona tu kwamba nimeshindwa. Nililipindua jambo hilo pande zake zote kwa muda ambao mtu anatumia kumeza mate.

"Sikuwa nimejiandaa sana."

"Ndiyo maana imetoka vizuri. Jumatatu njoo usaini."

Nyumbani mama mdogo alipiga kigelegele kimoja kirefu mpaka jirani akachungulia uzioni. Kisha akanikalisha nimwambie nilisema nini. Nikasimama pale sebuleni, bado na gauni la njano, nikampa somo lote tangu ukungu mpaka ini. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Maneno mazuri," alisema. "Sasa walicheka nini?"

Nikamweleza. Igizo, chapati, siku za juma, kipaza sauti kwenye meno. Sikuwa nataka lolote kwake isipokuwa akasirike. Nilimwona akijitahidi. Midomo ilikaza, akatazama pembeni, akavuta kanga akaziba mdomo, lakini mabega yalimsaliti. Alicheka kimya kimya kwanza, halafu kwa sauti.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe jamani. Ijumaa!"

Alipotulia alinivuta nikae karibu naye. "Kazi usiikatae," alisema. "Watu wanaajiriwa kwa sababu mbaya kuliko hiyo."

Jumatatu niliazima blauzi yake nyeupe na sketi nyeusi. Nilikaa mbele ya meza ya bosi, kalamu ikicheza vidoleni, saini yangu ikatoka kama ya mtu mzee. Bosi akaikagua, akagonga muhuri, akanipa mkono. Ndipo akaniangalia vizuri, kuanzia kola ya blauzi mpaka viatu, na furaha yake ikapungua kidogo, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

"Alhamisi tunakwenda Mpwapwa, kuna vikundi vitatu vinakusubiri," alisema. "Uje na lile la njano."